Mtoto akichomwa ganzi, mpimeni kilo kwanza

Wazazi wakiambiwa mtoto atafanyiwa upasuaji, wanachoogopa ni dawa ya usingizi. Sindano ya ganzi hakuna anayeiuliza. "Si ganzi tu?" Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, ganzi na usingizi, na wagonjwa wangu wengi ni watoto wa tohara na henia. Hiyo "ganzi tu" kila mara naipigia hesabu kwa kalamu.

Ganzi haikai pale ilipochomwa. Mishipa ya damu inainyonya kidogo kidogo, inafika kwenye ubongo na moyo, halafu ini huivunja. Ikiingia polepole, mwili unaimudu. Ikizidi kipimo, au sindano ikitua ndani ya mshipa, ndipo balaa. Kichanga yuko hatarini zaidi, kwa sababu protini ya damu inayoishika dawa hii kwake bado ni chache, na ini lake halijakomaa. Ndiyo maana kwa watoto wa miezi ya mwanzo tunapunguza dozi.

Sasa kilo. Mama mmoja aliniambia mwanawe ana kilo 15. Tulipomvua viatu na sweta na kumpandisha kwenye mizani, ikasoma 11. Lignokeini, dawa ya ganzi tunayoitumia sana, isipochanganywa na adrenalini kiwango chake cha juu ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu mwisho wake ni 33, si 45. Na kichupa kinachozagaa kwenye vituo vyetu ni cha asilimia 2, yaani kila mililita moja ina miligramu 20. Piga hesabu: mililita moja na nusu na kidogo, basi. Aliyezoea cha asilimia 1 akivuta ujazo uleule bila kusoma lebo, amempa mtoto dozi mara mbili. Kwa hiyo usione haya kuuliza, "Daktari, mmempima leo?" Anayejua kazi yake hatakasirika.

(Adrenalini huchelewesha dawa kuingia kwenye damu, lakini kwenye uume kwa kawaida hatuitumii, maana inabana mishipa. Usishangae ganzi ya tohara ikiisha mapema.)

Baada ya sindano, dawa huendelea kupanda kwenye damu, mara nyingi kwa nusu saa hivi. Watu wana haraka ya kuwahi daladala, ila msiondoke hadi mruhusiwe. Mtoto anayejua kuongea atasema mdomo unafanya ganzi, masikio yanavuma, au kuna ladha ya chuma ulimini. Mdogo hawezi kusema: utaona anahangaika bila sababu, anasinzia ghafla, misuli inachezacheza, hata degedege. Ita nesi hapohapo, usisubiri "apumzike kidogo". Aliyelazwa usingizi kabisa haonyeshi dalili hizo za mwanzo, kwa hiyo macho yetu yanakuwa kwenye mashine ya moyo.

Tiba ipo. Kwanza hewa ya oksijeni na kuzuia degedege, kisha dripu ya mafuta ya asilimia 20, tukianza na mililita 1.5 kwa kilo. Mwaka 1998 Guy Weinberg na wenzake Marekani walionyesha kwa panya kwamba mafuta hayo huukinga na kuuokoa moyo uliolemewa na bupivakeini, dawa nyingine ya ganzi. Ukipata nafasi, uliza kama kituo chenu kinayo.

Nyumbani ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Ganzi ikiisha mtoto analia, na jirani mwema analeta jeli ya ganzi ya duka la dawa ipakwe kwenye kidonda. Usipake. Kidonda kibichi kinanyonya kuliko ngozi nzima, na hakuna anayejua umepaka miligramu ngapi. Hata zile za kupaka kwenye fizi mtoto anapoota meno, mamlaka ya dawa ya Marekani ilizionya: lignokeini mwaka 2014, na benzokeini kwa walio chini ya miaka 2 mwaka 2018. Mpe parasetamoli kwa kilo zake, miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 6, na dozi ya kwanza aipate kabla ganzi haijaisha.

Aliyechomwa ganzi ya mgongoni chini, kwenye mkia, miguu inaweza kuwa mizito kwa saa kadhaa. Mbebe, usimwachie ngazi. Na aliyetoka kwa daktari wa meno asile mpaka mdomo urudi, maana watoto huitafuna midomo yao wenyewe wasijue.