Kwa mwanangu, kuhusu akili za mjukuu wangu

Mwanangu mpendwa,

Unaniuliza kama ni kweli akili za mtoto hutoka kwa mama, kwa kuwa mumeo kalisikia hilo mahali, na sasa mtoto akikosa hesabu macho yote yanakugeukia wewe. Si kweli. Mtoto huchukua vinasaba, yaani chembe za urithi, kwa wazazi wote wawili, karibu nusu kwa nusu, na vinavyogusa akili ni vingi mno. Hakuna kimoja cha kunyooshewa kidole. Mwambie hivyo kwa upole.

Lakini swali lako limenirudisha kwa yule mwalimu. Mlikuwa darasa la tatu. Pacha wako alikwisha anza kumsomea baba yenu gazeti kwa sauti, wewe bado unafuata mstari kwa kidole. Mwalimu akaniambia, nawe umesimama pale umeshika pindo la gauni langu: “Mama, huyu usijisumbue naye, ndivyo alivyozaliwa.” Nikaona vidole vyako vinaliachia lile pindo. Mpaka leo nikikumbuka, kifua kinanibana. Mtoto haonyeshwi kikomo chake! Yeye alikijulia wapi?

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya jambo hili. Kule Minnesota, Marekani, Thomas Bouchard na wenzake walianza mwaka 1979 kuwachunguza mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali. Mwaka 1990 wakaandika kwamba kiasi cha asilimia 70 ya tofauti za alama za IQ, yaani za kipimo cha akili, zinatokana na urithi. Niliposoma hayo nilikosa raha. Kumbe mwalimu alisema kweli? Hapana. Asilimia ile inaeleza tofauti kati ya watu wengi. Haiwezi kuchukua kichwa cha mtoto mmoja ikakigawa mafungu, hili la damu, hili la malezi. Isitoshe, mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake waliangalia mapacha wa miaka 7, wakakuta kwamba katika familia maskini urithi unaeleza sehemu ndogo sana ya tofauti hizo, na mazingira ya nyumbani ndiyo yanayoeleza kubwa. Hata Alfred Binet, aliyetunga kipimo cha kwanza cha akili huko Paris mwaka 1905, alikuwa anatafuta watoto wa kusaidiwa, si wa kukatiwa tamaa.

Ingawa, nisijidanganye. Wataalamu wanasema pia kwamba mtoto anavyokua, nguvu ya urithi huzidi na ya nyumbani hupungua. Hilo linaniuma, kwa sababu ya zile jioni zetu, wewe na mimi na kitabu kimoja, mpaka usiku ule ulipomaliza ukurasa mzima bila kidole, ukanitazama, ukaugeuza mwenyewe. Nani ataniambia jioni zile hazikuwa kitu? Lakini nduguyo sikumsomea hivyo, naye hakuhitaji. Tumbo moja, nyumba moja, ila ninyi si mapacha wa kufanana: vinasaba mnavyoshirikiana si zaidi ya ndugu wengine. Ni damu au ni sisi? Ninalo jibu langu, liko kwenye ncha ya ulimi, ila silisemi, maana yeye naye ni mwanangu, na barua zangu mnasomeana.

Mtoto haonyeshwi kikomo chake. Mumeo akilianza tena lile neno, lisisemwe mbele ya mtoto. Shule zikifunga niletee mjukuu wangu, na vitabu vyake vyote, hata vile anavyovichukia.

Mama yako