Re: Wanagrupu wananiletea malalamiko inboksi, nimtoe huyu jamaa au nimwache?

Pole kaka, uadmini wa grupu la wakulima wa korosho msimu wa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ni kesi tupu. Nimekuelewa: wanne wamekuja inboksi wanasema jamaa anawauzia salfa ya ruzuku, hapo kwenye grupu hakuna anayefungua mdomo, na ukimtoa watasema una chuki naye kwa sababu we wa Newala yeye wa Tandahimba.

Usihesabu walalamikaji, watu wanne wanaweza kuwa ukoo mmoja bana. Waombe skrinshoti, meseji ya muamala, namba iliyopokea hela. Asiye na kitu msikilize tu ila usimtoe mtu kwa maneno. Na majina ya waliokuletea usiyataje hata kwa utani maana wakijulikana hakuna atakayekuambia tena kitu.

Wakati unachunguza futa tangazo lake, admin unaweza kulifuta kwa wote, kisha mfuate pembeni umuulize mzigo kautoa wapi, kwa sababu salfa ya ruzuku inagawiwa kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kwa wakulima waliosajiliwa, siyo ya kuuziana WhatsApp. Akianza matusi, toa.

Walalamikaji nao wamripoti WhatsApp, jumbe zake tano za mwisho zinaenda huko na yeye haambiwi.

Ila kama hela imeshaliwa hiyo siyo kazi yako tena, waende polisi na ushahidi, namba iliyopokea hela waitume 15040, ile ya kuripoti utapeli wa simu. Wewe usimwanike jina na picha grupuni, ukikosea kesi inakugeukia wewe.