Injini mbili mbovu za Land Rover: nini cha kuchanganya na nini usiguse

Mkuu, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza kama injini ya Land Rover yake iliyojam, pamoja na ile uliyoipata kwenye skrepa Kibaigwa, zinaweza kuzaa injini moja nzima. Na fundi wako anasema "zote ni moja, changanya tu." Kazi hiyo nimeifanya hapa Dodoma kwa Series III 109 ya petroli, ikanila miezi 11, na leo gari linaenda Kondoa na kurudi. Inawezekana. Ila fundi wako hajakwambia yote: ndani ya injini kuna vitu vilivyooana, na ukivitenganisha umeua vyote viwili.

Kwanza jua una nini. Injini ya lita 2.25 ya petroli na ya dizeli zote zina silinda ya upana wa 90.47 mm na mwendo wa pistoni wa 88.9 mm, ndiyo maana zikilala mchangani bila hedi watu wanaziita moja. Dizeli inabana 23 kwa 1, petroli 7 au 8 kwa 1. Pistoni, hedi na kemshafti za dizeli ziache hukohuko. Kisha pindua bloku uhesabu kepu, yaani zile kofia za chuma zinazoishika krenki (shafti kubwa inayozungushwa na pistoni). Mpaka 1980 zilikuwa tatu, baada ya hapo zikawa tano. Kama ya mzee ina tatu na ya Kibaigwa ina tano, krenki haihami, usipoteze nauli.

Sasa hizo kepu. Kiwandani bloku inatobolewa njia ya krenki kepu zikiwa zimeshafungwa mahali pake, kwa hiyo kila kepu ni nusu ya tundu lake na haina tundu lingine duniani. Kijana wa gereji yetu, kwa nia njema kabisa, aliziosha kepu zote sita za injini zangu mbili kwenye beseni moja la dizeli. Hakuna aliyeziwekea alama. Tulipofunga, nilimwomba fundi tukaze kepu moja, tuzungushe krenki kwa mkono, ndipo tuende nyingine. Ya nyuma ikakubali. Ya mbele ikakubali. Ya kati ilipofika robo tatu ya mkazo, krenki ikaganda kama imemwagiwa zege. Fundi, mzee wa Mvumi ambaye ninamheshimu mpaka kesho, akaagiza msasa aikwangue beringi kidogo. Nikamshika mkono: "Babu, tujaribu ile kepu nyingine kwanza." Tukabadilisha, tukaka­za mpaka mwisho, nikaizungusha krenki kwa vidole viwili. Babu akakaa chini kwenye tairi, akanyamaza muda mrefu, kisha akaenda mwenyewe kuchukua patasi akazipiga kepu zote alama.

Beringi ingekwanguliwa kwa ule msasa, injini ingewaka, na pengine ingefika Chamwino kabla haijanoki, yaani kuanza kugonga kwa ndani. Vilevile mkatalie yeyote anayetaka kuweka kipande cha bati la kopo nyuma ya beringi ili "ikae." Krenki ikiwa imelika, inapelekwa kuchongwa, unanunua beringi za saizi inayofuata: 010, 020, 030 au 040 (ni elfu za inchi). Yangu ilitoka injini ya pili ikiwa 020, na nilipimisha kila shingo yake (pale inapokaa beringi) kwa mikromita kabla ya kununua chochote. Usiamini namba iliyochapwa nyuma ya beringi za zamani, mtu aliyetangulia anaweza kuwa alifunga alichokipata.

Konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) nazo na kepu zake ni hivyohivyo, mume na mke. Tapeti zirudi kila moja kwenye tundu lake. Vingine, kama hedi, pampu ya maji, manifoldi, distributa, flaiwili, kava ya taimingi, unaweza kuchagua kilicho bora kutoka injini yoyote mradi ni za aina moja. Kabureta ya Zenith kagua tu kifuniko chake kama kimepinda.

Kosa lililonigharimu pesa nyingi ni la silinda. Nilipeleka bloku kwenye karakana moja, sitaitaja, wakachonga kwenda 040 wakati pistoni sijazinunua. Pistoni zilipofika zikawa zinacheza ndani ya silinda, ikabidi nitie slivu (bomba jipya la chuma ndani ya silinda) zote nne na kuanza upya. Nunua pistoni kwanza, wakabidhi pamoja na bloku, waambie wachonge kwa kuzipima hizo hizo. Ringi nazo usizivishe moja kwa moja: iingize ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia). Kwa silinda hii tafuta karibu 0.4 mm. Bila mwanya wa kutosha ringi ikipata moto ncha zinagongana na kuichana silinda.

Kuhusu maji, wewe wa huku unaelewa. Maji yetu ya visima yana chumvi, na gari la mzee limeyanywa miaka. Ng'oa vile vifuniko vya duara ubavuni mwa bloku. Kwangu nilichokonoa kwa waya wa baiskeli, ukatoka uji mzito wa kutu na magadi uliojaa nusu ya ndoo ndogo, wengi wake nyuma ya silinda ya nne. Nadhani huko ndiko injini ilikoanzia kufa. Ukimaliza, weka kulanti, au angalau maji ya mvua.

Kufunga hedi: boliti kubwa 90 Nm, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Mwanya wa tapeti 0.25 mm. Mpangilio wa silinda kuwaka 1-3-4-2. Kabla ya kuwasha toa plagi zote, piga stata mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi. Ikishapata moto na kupoa kabisa, kaza hedi tena na upime tapeti upya. Kilomita 800 za mwanzo usiibebeshe mzigo wala kuikimbiza, kisha mwaga oili yote.

Anza na kupindua zile bloku mbili uhesabu kepu, halafu weka hapa picha na vipimo vya krenki zote mbili. Nikiviona nitakwambia ipi ya kuchonga.