Maswali ya wasomaji: droni zikubaliane vipi?

Shikamoo mwalimu. Droni zetu tatu hazina kiongozi. Zitapataje urefu mmoja wa kuruka?

Marahaba. Kila moja husikiliza jirani zake, kisha hujisogeza kidogo kuelekea kwao, tena na tena. Tuseme zimeanzia mita 10, 20 na 60. Zikisikilizana pande zote kwa uzito sawa (uzito hapa ni kiasi ambacho droni inamjali jirani, si kilo), zitaishia mita 30, ambao ndio wastani, ingawa hakuna iliyopiga hesabu hiyo. Ila ile ya mita 60 ikiwa inasema tu na haisikilizi, wenzake wote wataifuata huko juu. Kiziwi ndiye bosi!

Nina makundi mawili: moja lipige picha mita 40, jingine linyunyize dawa mita 5. Nikiyaunganisha yanakutana katikati.

Ndivyo ulivyoyaagiza. Wengi hukimbilia kukata mawasiliano, na hapo makundi hayajui tena mwenzake yuko wapi. Afadhali uchezee uzito. Droni ya dawa isikilize mbili za picha, moja kwa uzito wa +1 (kuisogelea), nyingine −1 (kuikwepa). Zile mbili zikishakubaliana, mvuto wao unafutana, jumla sifuri. Kabla ya hapo zitaivurugavuruga, kwa hiyo viungo vya mawasiliano vya ndani ya kundi viwe na uzito mkubwa kuliko vya nje.

Kanuni ya kukubaliana ninayotumia inadai pia kasi ya kupanda, na mimi nina baromita tu, inayokadiria urefu kwa shinikizo la hewa. Nigawe tofauti ya urefu kwa muda?

Usithubutu. Baromita ikikosea sentimita 10 kati ya vipimo viwili vilivyopishana sekunde 0.02, umepata kosa la mita 5 kwa sekunde. Fuata njia aliyoieleza mhandisi David Luenberger mwaka 1964. Ndani ya kompyuta weka nakala ya droni kwa hesabu, uipe amri zilezile zinazokwenda kwenye mota. Urefu unaotabiriwa na nakala ulinganishe na wa baromita, na tofauti hiyo iisahihishe nakala. Punde kasi ya nakala huwa ndiyo kasi ya droni, nawe utawatumia jirani makadirio hayo. Ukikaza mno masahihisho, nakala inaanza kuamini kelele za baromita, yaani makosa yake madogo ya kuyumbayumba; ukilegeza, inachelewa. Mimi huanza na kikadiriaji (hiyo nakala na masahihisho yake) chenye wepesi mara 3 ya kidhibiti, yaani sehemu inayoamuru mota.

Mtandao wetu unachelewa nusu sekunde. Ni hatari?

Kwa droni tatu zinazosikilizana zote, uzito 1 kila kiungo, na kila moja ikilinganisha vipimo vya wakati uleule, ucheleweshaji usifike sekunde 0.52, la sivyo zitayumba bila kutulia. Uko ukingoni. Shusha uzito hadi 0.5, na kikomo hicho kitafika sekunde 1.05. Zitakubaliana polepole, lakini hazitayumba.