Siku ya kujitolea: rangi au maji?

SWALI: Dada, ninafanya kazi katika kampuni ya uhandisi hapa Eneo la Viwanda. Kila mwaka tunapewa siku moja ya kujitolea. Safari hii wakubwa wanataka tupake rangi ukuta wa shule moja ya mtaa wa mabanda wa Mukuru. Naona tunaweza zaidi. Niwaambieje?
Mhandisi kijana, Nairobi

JIBU: Mdogo wangu, waambie kwa heshima kwamba fundi wa mtaani hupaka rangi vizuri kuliko ninyi, na hiyo ni riziki yake. Ninyi mna hesabu. Ila kwanza mwone mwalimu mkuu, umuulize shule inakosa nini.

Akisema maji, kazi yenu hiyo: kuvuna mvua ya paani na kuiweka kwenye tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 20, ni karibu lita 2,000, ukiondoa kidogo kinachopotea. Lakini tangi la lita 10,000 likijaa hubeba tani 10 za maji, na udongo mweusi huvimba ukilowa. Pimeni udongo kabla ya kumwaga zege la msingi wa tangi! Wekeni pia bomba la kumwaga maji ya kwanza ya mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Yote yawe tayari kabla ya masika ya Machi.

Siku moja haitoshi hata kidogo. Ombeni saa za kurudi kila msimu kukagua mifereji ya paa, na fundi wa hapo hapo Mukuru alipwe kuitunza.