Mpini kwanza, kitambaa baadaye

Kijana niliyemchukua kunisaidia dukani masika haya alimuuzia mama mmoja mwavuli wa bei: njiti 16, kitambaa kizito, ule ninaoutundika juu watoto wasiufikie. Siku ya tatu mama karudi nao. Hakuna kilichovunjika.

"Mwanangu, mwavuli wenu mzuri," akamwambia kijana, "lakini nikishuka kituoni, mpaka nifike nyumbani kidole hiki cha mwisho kimekufa ganzi."

Kijana akanigeukia, hana la kusema. Nikamwamkia mama, nikamwomba anyooshe kiganja, nikamwekea mpini mkononi. Jibu likaonekana hapo hapo. Kidole kidogo kilikuwa kinaning'inia nje ya mpini, na vile vitatu vilivyobaki vinabeba mzigo wa vinne. Tukambadilishia. Jioni, tukifunga duka, nikaanza kumweleza kijana haya ninayowaandikia na ninyi mnaoingia kwenye kazi ya kuuza au kutengeneza miavuli.

Mimi nilianza chini ya mti, na koleo, waya na sindano. Fundi anayekaa chini ya mti huona miavuli iliyovunjika njiti tu, kwa hiyo anaamini ubora wote uko kwenye njiti. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kuna miavuli mingi mizima isiyofika kwa fundi kamwe. Iko nyuma ya milango ya watu. Mpini ukimchosha mtu, hasemi mpini una kasoro. Anasema mwavuli huu mzito, anauegesha, anaendelea kulowa. Kwa hiyo mteja akikwambia anataka "mwavuli mwepesi", usikimbilie mizani. Muulize kwanza ule wa zamani ulikuwa na mpini gani.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Upana wa kiganja cha mtu mzima, vidole vinne vikiwa vimebanana, kwa wengi ni sentimita 7 hadi 9. Mpini mnyoofu wenye nafasi ya kushika ya sentimita 10 unamtosha karibu kila mtu. Ukifika 12 ni raha. Miavuli ya kukunja mingi ina 5 au 6, na si kwa bahati mbaya. Tangu Hans Haupt wa Ujerumani abuni mwavuli wa kuingia mfukoni mwishoni mwa miaka ya 1920, mpini umekuwa ukipunguzwa ili mwavuli mzima uwe mfupi. Mteja anapaswa kulijua hilo kabla hajalipa: wa kukunja ni wa kutembea nao kwenye mkoba, mvua ikikukuta ukimbilie kibarazani. Anayetembea nusu saa kila siku chini ya mvua anahitaji mwingine.

Unene nao una kipimo chake. Mteja afumbate mpini, kisha utazame kidole gumba na kidole cha kati. Ncha zikigusana, au gumba likipanda kidogo juu ya mwenzake, ni sawa. Kucha zikichimba kiganja, mpini ni mwembamba mno, na mtu atakuwa anaubana kwa nguvu muda wote bila kujijua. Wazee wenye baridi yabisi ndio huteseka zaidi na mpini mwembamba. Akija mzee wa hivyo, ukishampa shikamoo na kiti, mletee mpini mnene kuliko wa kwako, hata kama kwako unaonekana kama mchi.

Kosa la karibu wauzaji wote walio wageni wa kazi hii ni kumpa mteja ashike mwavuli uliofungwa. Uliofungwa haumwambii kitu. Ukifunguka, uzito wote unahamia juu, upepo unaingia, na kifundo cha mkono ndicho kinachopambana. Mtoe mteja nje ya mlango, aufungue, atembee nao mpaka duka la jirani na kurudi. Halafu kuna bakuli langu la maji. Liko juu ya kaunta miaka yote. Namwambia mteja achovye mkono, ashike tena. Wanacheka, lakini mwavuli haushikwi kwa mkono mkavu. Mpini unaong'aa sana dukani ndio unaoteleza kama kambare ukilowa.

Sasa umbo. Mimi ni mtu wa mpini wa bakora, uliopinda, sifichi. Unapotoa nauli unautundika mkononi. Ukikaa mgahawani unautundika kwenye ukingo wa meza. Upepo ukivuta juu, sehemu iliyopinda inakuzuilia mkono usichomoke. Mpini mnyoofu unaweza kufanya kazi hiyo ya mwisho ikiwa tu una kirungu mwishoni. Angalia uwazi wa ule mpindo pia. Mwingine ni mwembamba hauingii mkono wa mtu aliyevaa koti, na hapo faida yote imekwisha.

Lakini bakora ya mbao ina siri ambayo wauzaji wengi hawaijui. Kuna inayokunjwa na kuna inayochongwa. Ya kukunjwa hutokana na kijiti kinyoofu kilicholainishwa kwa mvuke, kikazungushwa kwenye kalibu na kufungwa mpaka kikauke. Nyuzi za mti zinafuata mpindo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya kuchongwa imekatwa kwa msumeno kutoka kwenye ubao, na kwa nje inaweza kupendeza kuliko ile, ila ukifika penye mpindo nyuzi zimekatwa. Hapo ndipo itakapovunjika, siku mwavuli utakapoanguka juu ya sakafu. Ipeleke kwenye mwanga ufuate mistari ya mbao kwa jicho. Mistari ikipinda pamoja na mpini, lipa. Ikitokea pembeni, rudisha. Ikiwa imepakwa rangi nzito mistari isionekane, jiulize kwa nini. Ukipata nafasi ya kutazama picha za miavuli ya James Smith & Sons, duka la London lililoanza mwaka 1830 na bado linauza, utaona mpindo wa kweli unavyokaa.

Kuhusu vitu inavyotengenezwa, nitaanza na kilichonitia hasara. Kiangazi kimoja nilipata dazeni tatu za miavuli yenye mipini ya raba laini, ile inayoshikika kama ngozi ya embe bivu. Bei ya kutupa. Nikaiweka stoo, chini ya bati. Vuli ilipoanza nikafungua maboksi: mipini yote inanata kama utomvu wa fenesi, mifuko ya nailoni imegandamana nayo. Kumbe ilikuwa imeshalala ghalani kwa mtu mwingine kabla yangu, na bei ile ilikuwa na sababu. Ulaini ule ni tabaka jembamba tu lililopakwa juu ya plastiki, na joto likichanganyika na unyevu, kama tunavyouzoea pwani, tabaka linaoza taratibu. Niliufuta kila mpini kwa spiriti na kitambaa mpaka tabaka lote likatoka, nikabaki na plastiki tupu, nikauza kwa nilichopata. Siku hizi kabla ya kununua raba naburuta kidole gumba juu yake. Kikikwama hata kidogo, naaga.

Plastiki ngumu haina makuu. Kagua shingo, ndipo inapopasuka. Chuma kinachong'aa sikipendi kabisa, kwa sababu wateja wetu wengi hujifunika jua kuliko mvua, na chuma kikikaa juani kinakuunguza. Ngozi ni ya sehemu zisizo na unyevu. Huku pwani ukiuweka mpini wa ngozi kabatini miezi miwili unaota ukungu.

Mbao ndiyo naipenda, na ndiyo iliyonifundisha unyenyekevu. Niliwahi kwenda kwa wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, nikaagiza mipini sita ya mpingo. Mizuri ajabu. Miwili ikapasuka nilipokuwa naitoboa, kosa langu, kwa sababu mpingo hukauka polepole na mimi sikuuliza umekatwa lini. Iliyobaki nikaifunga kwenye miavuli. Mpingo mkavu huzama majini, kwa hiyo unaweza kukisia uzito wake. Mwavuli ukiwa wazi uzito ule wa chini unasaidia, unapunguza kuyumba kwa juu. Ukiufunga na kuutundika mkononi, ndipo utakapoujua. Mwalimu mstaafu mmoja ananishukuru mpaka leo kwa wake. Wengine watatu walirudi kubadilisha. Tangu hapo nachongesha mninga, ambao ni mwepesi zaidi na hauchezi sana unyevu ukipanda na kushuka. Na ukiipata mipini ya henzirani, ile ile ya bakora na viti, chukua: ni myepesi na ina unyumbufu. Mwanzi wenye mafundo nao mafundo yake yanazuia kuteleza kuliko mchoro wowote wa kiwandani.

Usipake vanishi nene. Inapendeza wiki mbili, kisha jasho linaibandua vipande vipande. Nta ya nyuki kidogo, sugua kwa kitambaa, basi.

Mipini yenye makato ya vidole nimeiacha kabisa. Inaonekana ya kitaalamu, lakini makato yale yanamfaa mtu mmoja tu, yule ambaye kiganja chake kilipimwa kiwandani. Mwingine yeyote anakaa na kigongo katikati ya kidole.

Kwa wanaotengeneza: fimbo nyingi za chuma za katikati ya mwavuli utakazokutana nazo zina unene wa milimita 8, 10 au 14. Pima kabla ya kutoboa. Tundu la mpini liingie ndani sentimita 4 au zaidi, safisha gundi ya zamani yote, na tumia gundi ya mirija miwili, siyo supaglu. Supaglu inashika haraka, ndiyo maana vijana wanaipenda, lakini ikikauka ni kama kioo, pigo moja inaachia. Acha ilale mpaka kesho. Mteja akikuharakisha, muazime mwavuli mwingine. Kazi ikishakauka, shika fimbo kwa mkono mmoja, zungusha mpini kwa mwingine. Ukicheza hata kidogo, anza upya.

Kama mwavuli ni wa kitufe, gumba lifike penye kitufe bila mkono kuhama, na kitufe kiwe kimezama kidogo. Kilichochomoza kitafunguka chenyewe ndani ya daladala iliyojaa. Nimeshuhudia, kondakta hakufurahi.

Halafu mzee akitaka mwavuli autumie pia kama mkongojo, usimuuzie wa fimbo nyembamba ya chuma kwa sababu tu una bakora nzuri juu. Ataegemea, fimbo itapinda, ataanguka. Wa namna hiyo uwe na fimbo ya mti mzima kuanzia mpini hadi chini, yenye kizibo cha raba nchani, na urefu wake upimwe akiwa amesimama na viatu vyake. Kama huna, mwambie huna.

Yule kijana sasa ndiye anayejaza bakuli kila asubuhi. Juzi nimemkuta ameandika karatasi na kuibandika ukutani: "Maji haya si ya kunawa." Mpiga debe mmoja alikuwa ameshatia sabuni.