Kanyaga kwanza, spana baadaye

Wadogo zangu mnaoanza gereji, Canter ya zamani ikiingia na dereva analalamika breki hazishiki, mkono utakimbilia spana. Uzuie. Panda kwenye kabini, injini ikiwa imezimwa, ukanyage pedali. Mguu utakupa nusu ya jibu kabla hujachafua ovaroli.

Ikibonyea kama sponji, kuna upepo ndani ya mabomba. Ikizama mara ya kwanza, kisha ukipampu mara mbili tatu ikapanda na kusimama imara, mara nyingi viatu vya breki vimekaa mbali na dramu, lile duara la chuma linalozunguka na tairi. Hapo kaza adjasta kwanza, ile ya kusogeza viatu karibu na dramu. Nimeona vijana wakimaliza chupa mbili za mafuta ya breki wakitoa upepo ambao haupo.

Kuna ile inayozama polepole, umeikanyaga na hujaachia. Zunguka tairi zote, pitisha mkono kwenye mabomba. Kama kote ni kukavu na chupa ya mafuta haipungui, raba za ndani ya masta silinda, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, zimechoka, mafuta yanazipita pembeni na kurudi yalikotoka. Lakini mafuta yakipungua bila kuona tone chini, msiniambie yamekauka. Chomoa bomba la vakyumu, yaani mvuto wa hewa, linaloingia kwenye busta, kile chombo kinachousaidia mguu kukanyaga breki, ingiza kidole. Ukikuta majimaji ya breki, masta inavujia ndani ya busta.

Pedali ngumu kama jiwe, gari halisimami? Hapo shaka iko kwenye busta. Pampu mara kadhaa injini ikiwa imezimwa mpaka pedali iwe ngumu, bakiza mguu hapohapo, kisha washa injini. Busta nzima itaivuta pedali ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, usiishushe busta bado. Injini ya dizeli haijitengenezei mvuto kama ya petroli, inahitaji pampu yake ya vakyumu, na kwenye Canter nyingi pampu hiyo imekaa mkiani mwa altaneta. Ndiyo maana dereva akilalamikia breki ngumu mimi huuliza kwanza altaneta ilishushwa lini. Ananishangaa kama mtu aliyeulizwa habari za mke wa jirani! Kumbe juzi walimfungia ya mtumba, taa za gari zinawaka vizuri, pampu imekufa.

Sasa niwasimulie kosa langu. Nikiwa bado mwanafunzi, ililetwa Canter ya kubeba nyanya kutoka Ilula. Tairi la mbele kushoto lilikuwa linashika moto na kunuka, likipoa linaachia. Nikabadilisha raba za wili silinda, ile silinda ndogo ya kwenye tairi inayosukuma viatu. Ikarudi baada ya siku mbili. Nikashauri masta silinda mpya, mwenye gari akalipa huku amenuna. Ikarudi tena. Fundi wangu mzee akainua tairi lile, akanituma nikanyage breki na kuachia. Tairi likabaki limekaza. Akalegeza nati pale bomba la chuma linapoungana na hozipaipu: tairi bado. Akaikaza, akafungua skrubu ya kutolea upepo kwenye tairi, mafuta yakaruka, tairi likazunguka lenyewe. Mpira wa hozi ulikuwa umechanika kwa ndani na kufanya mlango wa kwenda bila kurudi. Kwa nje ulikuwa mzuri kabisa.

Kipimo hicho kishikeni. Tairi likiachia ulipolegeza bomba kwenye masta, tatizo liko juu: masta yenyewe, au fimbo ya pedali imekosa nafasi yake ndogo, hivyo tundu la kurudishia mafuta limezibwa. Ukifungua skrubu ya tairi na bado limekaza, ni chuma: springi imekatika au pistoni imekwama kwa kutu.

Gari kuvutwa upande mmoja sitalisemea sana. Likivutwa kulia, anza kufungua kushoto, maana upande usioshika ndio mgonjwa: grisi imeingia kwenye lainingi, ile sehemu ya kiatu inayosugua dramu, au pistoni imeganda.

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishalewa maji kiwango kinaweza kushuka mpaka 140 hivi. Shusha mlima Kitonga na mzigo, mguu haubanduki kwenye pedali, yatachemka na kutoa mvuke, na pedali itazama mpaka sakafuni. Dereva akikuambia breki zilikataa mlimani, muulize: pedali ilizama au ilibaki juu? Ikiwa ilibaki juu na ngumu huku gari linateleza, lainingi ndizo zilizoungua, mafuta hayana kosa. Na akikiri kuwa njiani waliongezea oili ya injini, msiwe na huruma: kila raba kwenye mfumo itavimba, zote zibadilishwe na mabomba yasafishwe.

Wakati wa kutoa upepo, anza na tairi lililo mbali zaidi na masta. Utingo akikanyaga, asiachie mpaka useme umefunga skrubu. Mwambie pia asizamishe pedali mpaka mwisho kama masta ni ya zamani. Weka kipande cha mbao chini yake. Sehemu ya mbele ya silinda ambayo raba hazijafika miaka mingi ina kutu, na kutu hiyo inazikata. Utatoa upepo asubuhi, jioni masta inavuja.

Na kabla ya jeki, weka magogo kwenye tairi. Breki ya mkono ya Canter nyingi inabana propela, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, pale nyuma ya giaboksi, si tairi. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi za nyuma, inaliachia lizunguke na gari linaondoka na breki ya mkono ikiwa imevutwa.

Ukimaliza, zunguka nalo uwanjani kwa gia namba moja, simama mara kumi hivi, kisha shuka usogeze kiganja karibu na kila dramu. Iliyo baridi haifanyi kazi. Inayochoma peke yake haiachii. Rudi chini ya gari.